Mwalimu Mkuu Aliyekataa Kuimba

Bado nina hasira naye, kwa hiyo nitajitahidi kusema ukweli. Mtu uliyekwisha kumsamehe ni rahisi kumpamba.

Kijijini kwetu, upande wa Iguguno, kando ya barabara kubwa ya kwenda Mwanza, wamepita walimu wakuu wengi. Lakini ukisema "Mwalimu Mkuu" tu, hakuna atakayekuuliza yupi. Ni yule mama mrefu mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe, aliyestaafu zamani, na bado watoto wa shule wakimwona kwa mbali wanachomekea mashati. Hata mimi, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikikutana naye njiani hunyoosha mgongo. Hilo nalo linaniudhi.

Hasira yake haikuwa na msimu. Aligombana na watu, aligombana na vitu. Upepo wetu wa Singida, ule wa kiangazi unaobeba vumbi na sufuria zilizoanikwa uani, aliusema kama anavyomsema mtoto mtoro. Mpira ukitangazwa redioni, alimtukana refa aliyekuwa Dar es Salaam kana kwamba amesimama mlangoni kwake. Siku moja konda alimshusha mzee mmoja kituoni akasahau kumshushia gunia lake, na basi likaanza kuondoka. Mwalimu Mkuu akaingia katikati ya lami, akasimama mbele ya basi, mikono kiunoni. Dereva akapiga honi. Yeye akaangalia saa yake ya mkononi, kama anayesubiri kengele ya darasa. Gunia likashushwa, na konda akaomba radhi huku abiria wote wamechungulia madirishani. "Mimi si mkali," alisema akirudi kando ya barabara. "Mimi nasema wazi. Wakali ni wale wanaonyamaza."

Mtu huyohuyo alikuwa anaogopa kinyonga. Kinyonga mmoja mdogo akionekana kwenye ua wa ofisi, Mwalimu Mkuu alikuwa juu ya kiti, gauni amelikusanya magotini, akiita watoto wa darasa la pili waje kumwokoa. Walimu wenzake walicheka kwa kujificha. Sisi watoto hatukuthubutu kucheka hata kwa kujificha.

Shuleni alituchapa kwa kusema Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani. Aliyekutwa anasema alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho hadi amsikie mwenzake amekosea, amvishe. Nilikivaa mara nyingi kwa sababu nilikuwa na bibi nyumbani na ulimi ulizoea. Lakini ukipita kwake jioni ungemsikia anaongea na mama yake mzazi, aliyekuwa kipofu, kwa Kinyiramba cha ndani kabisa, cha watu wa zamani, kitamu hadi unasimama. Hata mbuzi wake aliwafukuza kwa lugha hiyo. Mzazi mmoja alimuuliza, mbona anachowanyima watoto yeye anakula mwenyewe? Akajibu, "Mimi nimeshafika ninakokwenda. Wao bado wako njiani." Jibu lile lilisifiwa kijiji kizima. Mimi sikulisifu, maana kamba ya kile kibao ilikuwa ya katani, na ilikata shingo.

Alikuwa na misemo. Mmoja ninaukumbuka kuliko yote, alioupenda kuwaambia wasichana wa darasa la saba: "Anayekuonea huruma kabla hujamweleza shida yako, muulize anataka nini."

Na wasichana hao aliwapigania, siwezi kumnyima hilo. Mmoja wao aliachishwa shule akaozwe. Siku ya kumchukua bibi harusi, Mwalimu Mkuu alifika na sare yake ya kazini, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, akasalimia wazee wote mmoja mmoja kwa adabu, kisha akaenda akakaa juu ya sanduku la bibi harusi. Akasema hatainuka hadi mtoto arudi darasani. Baba wa binti alikuja na fimbo. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Nipige. Lakini nipige vizuri, maana nikiinuka hapa naenda polisi kwa miguu yangu." Wapishi wakaacha masufuria wakaja kuangalia. Upande wa bwana harusi ukaondoka jua likiwa bado juu. Binti naye alilia wiki nzima kwamba ameharibiwa maisha, kwamba yule kijana alikuwa anampenda. Mwalimu Mkuu akamchapa kwa kulia darasani. Leo binti yule ni muuguzi mjini Singida. Ukimuuliza habari za Mwalimu Mkuu anacheka kwanza, halafu anaacha kucheka.

Sasa niseme la kwangu.

Shule yetu ilikuwa na marafiki. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuwaita: marafiki, watu wa Ujerumani waliokuwa na umoja wao huko kwao wa kusaidia kijiji chetu. Walijenga madarasa, wakaleta madawati. Walipokuja kutembelea, Mwalimu Mkuu alitupanga barabarani kwa urefu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, tukaimba wimbo wa kukaribisha wageni. Alitufundisha mwenyewe, kwa fimbo ya mfagio, na tabasamu likiwa sehemu ya wimbo. "Meno!" alikuwa anapaza sauti. "Nataka meno!"

Nilikuwa darasa la pili. Asubuhi hiyo niliamka na homa. Mama akaniandikia ruhusa, akanituma na kaka yangu tuipeleke. Mwalimu Mkuu akamwambia kaka, "Leo hakuna mgonjwa," akanipanga mstari wa mbele kwa sababu nilikuwa mdogo na nilikuwa na meno mazuri. Wageni walitegemewa asubuhi. Gari lao likaharibika njiani. Jua likapanda, tukasimama. Likafika utosini, tukasimama. Aliyechuchumaa aliguswa na fimbo. Magari yalipoonekana, wimbo ukaanza, na mimi katika ubeti wa kwanza nikaona lami inainuka kunifuata. Nikaangukia jiwe. Kovu liko hapa juu ya jicho, wanafunzi wangu hudhani nilipigwa na mume.

Wimbo haukukatika. Hilo ndilo nililolibeba. Watoto wawili wakubwa waliambiwa kwa ishara ya kidole, wakanishika mikono wakaniburuta nyuma ya darasa, na safu ikajibana kuziba pengo. Nililala pale kwenye kivuli, damu inaingia jichoni, nikausikia ubeti wa pili, nikausikia wa tatu, nikasikia makofi ya wageni.

Mama yangu alimfuata jioni. Mama hakuwa mgomvi. Alikuwa mtu wa kulima alizeti na kusali. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu Mkuu akamuuliza, "Mwalimu, mtoto akianguka, mtu haachi kuimba?" Mwalimu Mkuu akamjibu, "Mama, hilo darasa unalotaka asomee litajengwa na nani?" Mama akageuka akarudi. Hakumsalimia tena hadi alipokufa, na kwetu hilo si jambo dogo. Darasa lilijengwa. Nilisomea humo. Hasira ya mama nikairithi mimi.

Miaka ikapita, Mwalimu Mkuu akastaafu, mimi nikarudi kijijini kufundisha, na marafiki wakazeeka pamoja nasi. Safari hii walizungumzia maji ya bomba. Nyinyi mnaojua kiangazi cha kwetu mnaelewa hilo lina uzito gani. Wanawake walikuwa wanafukua mchanga mtoni, wanangoja maji yachuruzike shimoni, wanateka kwa kikombe. Basi walipotualika watu wachache tuwatembelee kwao, kila mtu alijua tunakwenda kufuata maji. Walichaguliwa wanakwaya kadhaa, Mwenyekiti wa kamati ya maji akiwa kiongozi wa msafara, Mwalimu Mkuu kwa sababu urafiki ule aliuanzisha yeye, na mimi niwe mkalimani.

Nitasimulia siku moja tu ya safari hiyo, siku ya kutembezwa mashambani.

Mvua ilianza kabla hatujanywa chai na haikukatika. Si mvua ya kwetu inayokuja na ngurumo ikamaliza shughuli yake ikaondoka. Ilikuwa mvua nyembamba, baridi, isiyo na haraka. Tulipakiwa kwenye basi zuri, tumevaa vitenge kama tulivyoombwa tangu jana yake, na juu ya vitenge masweta ya kuazimwa. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua la njano. Alishika kipaza sauti, akasema kwa Kiingereza maneno ya kwanza ya siku.

"Anasemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Anatuomba radhi kwa mvua."

"Kwani ni yake?"

Basi zima likacheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa amekaa dirishani, anatazama mashamba ya kijani yaliyolowa hadi yanatema maji, mitaro imejaa, na ng'ombe hawaonekani. "Ng'ombe wako wapi?" aliuliza. Nikamuuliza mwongozaji. Wamefungiwa ndani, alisema, wasilowe. Nilipomtafsiria, Mwalimu Mkuu alisonya. "Majani yote haya. Maji yote haya. Na mtu anaona aibu mbele ya wageni!" Alikuwa amekasirika kweli. Nilimwelewa. Ukitoka kwenye kijiji cha kuteka maji kwa kikombe, huwezi kutazama mvua ile bila kuona kwamba kuna mtu ameonewa.

Tulipelekwa kwenye kinu cha zamani kinachozungushwa na mto. Gurudumu kubwa la mbao, maji yanalipiga, linazunguka kwa kishindo. Mwenyekiti akauliza kinasaga nini. Mwongozaji akasema siku hizi hakisagi kitu, kinazungushwa ili wageni wakione. Mwalimu Mkuu akasema, "Mto mzima una kazi ya kuonyeshwa," akatangulia kwenye basi. Tukapelekwa kwenye kanisa dogo la mawe, tukatembea kati ya makaburi viatu vikilia kwa maji. Tukala supu. Wanakwaya walikuwa wanatetemeka lakini wamefurahi. Walikuwa wanapigana picha na kila kitu, hata na mapipa ya taka, kwa usafi wake.

Baada ya chakula, mama aliyekuwa kiongozi wa marafiki, nitamwita Mama Mwenyeji, alisimama ndani ya basi akapiga makofi kidogo. Alikuwa mtu mpole. Alishakuja kwetu mara nyingi na kulala nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Alisema amebakiza jambo moja, na ni la kutufurahisha. Basi likaingia kwenye bustani kubwa ya wanyama, huko huko mashambani. Tukashushwa. Twiga walikuwa wamesimama chini ya banda, wanatutazama kama watu waliokosa usafiri. Tukapita pundamilia. Na baada ya pundamilia, tukafika kijijini.

Sijui niite nini tena. Walikuwa wamejenga vibanda vitatu vya duara, vya majani, na uzio wa miti. Mbele ya kimoja kulikuwa na kinu na mchi. Ngoma mbili. Na mdoli wa mwanamke, ukubwa wa mtu, mweusi kama lami, kabebeshwa chungu kichwani, mvua inamchuruzika kwenye matiti. Pembeni wazazi wa Kizungu walikuwa wamesimama na watoto wao waliovaa mabuti ya mpira, wanatungoja. Walishatangaziwa kwamba siku hiyo kutakuwa na watu wenyewe, kutoka kijiji chenyewe, wataimba.

Mama Mwenyeji alinishika mkono, uso umejaa furaha. "Waambie wasimame hapa, mbele ya nyumba. Nyimbo mbili tu. Wajisikie wako kwao."

Nilitafsiri. Wanakwaya wakaangaliana. Mwenyekiti akaanza kuwapanga.

"Mwambie siimbi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu..."

"Wewe ni mkalimani au mshauri? Mwambie siimbi."

Nikamwambia. Mama Mwenyeji alidhani ni baridi, akamnyooshea mwavuli wake. Akasema watoto wamesimama muda mrefu kwenye mvua wakisubiri.

"Nawaona," alisema Mwalimu Mkuu. "Mama zao wawapeleke nyumbani wakanywe chai."

"Anasema kijiji hiki kimejengwa kwa heshima yetu," nilitafsiri.

"Heshima ya nani? Sisi ni watu wa tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Bibi yangu hakulala ndani ya kitu kama hiki siku hata moja. Na hata angelala, asingejengewa jirani na pundamilia." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilinitisha kuliko angepiga kelele. "Muulize hivi. Alipokuja kwetu alilala kitandani kwangu, mimi nikalala chini. Asubuhi, nilimtoa nikampeleka zizini nikaita watu waje wamwone?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikulainisha hata moja. Mama Mwenyeji alishusha mwavuli taratibu, mvua ikaanza kumlowesha nywele. Mwongozaji wa koti la njano akatazama viatu vyake.

Mwenyekiti alimsogelea Mwalimu Mkuu, akamsemesha kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, kwa unyenyekevu wa mtoto kwa mzazi. Alimwambia nyumbani watu wana kiu. Alimwambia ni nyimbo mbili, tumalize, twende zetu. Mwalimu Mkuu alimjibu kwa Kiswahili: "Wewe imba. Sijamkataza mtu."

Wakaimba. Siwalaumu. Mwalimu Mkuu alitembea peke yake kurudi kwenye basi, na basi lilikuwa limefungwa, dereva amekwenda kunywa kahawa. Akasimama pale kwenye maegesho, kitenge kimemganda miguuni. Nilimfuata na mwavuli. Akausukuma.

Kutoka pale tuliwasikia vizuri. Walikuwa wamechagua wimbo wa kukaribisha wageni, ule ule wa shuleni kwetu, kwa sababu kila mmoja wetu alifundishwa na yeye. Sisi ndio tuliokuwa wageni, tuko ugenini, tunakaribisha watu kwao.

"Mwalimu," nilisema, "mimi wimbo huu niliusikia nikiwa nimelala nyuma ya darasa."

Alikuwa anatazama mbele. "Si wakati wake."

"Wakati wake ni lini?"

"Nyamaza."

Nami nikanyamaza! Mwanamke mzima, mke wa mtu, mwalimu mwenye shahada. Nilikuwa nimemwona dakika hiyo hiyo akiwa mtu jasiri kuliko wote niliowahi kuwaona, na nilitamani nimtikise mabega. Alijua. Hilo ndilo lililonichoma. Alijua vizuri kabisa kumpanga mtu kwa ajili ya macho ya mwingine ni kumfanya nini. Alikuwa na maneno yake yote, tayari, yamenyooka. Kumbe aliyaweka akiba kwa ajili yake mwenyewe.

Habari zilifika kijijini kabla yetu. Mwenyekiti alikuwa na simu, na vidole vyake havikupata baridi. Tukarudi, tukangoja, mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, na habari za bomba zikakatika. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mwalimu Mkuu alifika mapema akakaa kiti cha mbele.

Mwenyekiti alisema mtu mmoja ametukosesha maji kwa kiburi chake. Mwalimu Mkuu akasimama akasema, "Nilikataa kuimba. Sitasema sikukataa." Akakaa. Mimi nikasimama nikaeleza nilichokiona: vibanda, pundamilia, yule mdoli. Watu waliguna. Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa, na nikadhani mkutano umegeuka.

Ndipo mama mmoja akasimama nyuma, mtoto mgongoni. Alikuwa anatoka mtoni, ndoo yake iko pale chini imefunikwa majani. "Mimi ningeimba," alisema. "Ningeimba na kucheza. Wangeniambia nivae majani ningevaa, kama maji yangekuja. Nyinyi mna nafasi ya kuona aibu. Mimi mkono wangu umepinda kwa kufukua mchanga."

Hakuna aliyeguna. Mwalimu Mkuu aligeuka kwenye kiti, akamtazama yule mama usoni. Akasema, "Una haki," akageuka mbele.

Basi tangu siku hiyo ikawa ndiyo habari yake. Mbuzi waliingizwa kwenye alizeti yake, na si kwa bahati mbaya. Watu waliokuwa wanampigia magoti walimpita kama mti. Watoto walitunga wimbo wa bibi aliyekunywa maji ya kijiji. Niliwakamata kwenye kona ya shule, nikawauliza wamefundishwa na nani. Wakasema ni mama zao. Yeye alipita katikati ya yote hayo amenyooka, na kikapu chake, akienda gulioni Iguguno kama mtu mwenye miadi.

Maji yalikuja baadaye kabisa, kwa mradi wa serikali. Kisima kikachimbwa, vituo vya bomba vikajengwa, viwili kati ya hivyo vinatoa maji. Hata wanaoteka pale bado wanasema kama si fulani tungekuwa tumeshasahau kiu.

Mwaka jana, alizeti ikiwa imeshavunwa, Mama Mwenyeji alinipigia simu. Amezeeka, anaongea akipumzika. Tulizungumza mengi, na katikati ya mazungumzo akasema kitu kana kwamba nakijua: umoja wao uliamua kuvunjika kabla hata ya safari yetu. Walikuwa wamebaki wazee wachache, vijana hawakutaka kurithi. Fedha za bomba hazikuwapo tena. Kutualika kwao ilikuwa namna ya kuagana nasi, walishindwa tu kulitamka. Kuhusu vile vibanda, alisema, bado anaona haya.

Nilimfuata Mwenyekiti nikamweleza. Alinisikiliza huku anaondoa mawe kwenye mahindi yake. "Sasa hayo ya nini, Mwalimu?" aliniambia. "Watu wameshazoea."

Nilitoka pale. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu.

Alikuwa sebuleni, miguu imevimba, ameipandisha juu ya kigoda. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Mimina chai, kikombe kiko pale." Nikamimina, nikakaa, nikamwambia yote. Nilitegemea atafarijika. Nilitegemea, Mungu anisamehe, atalia.

Alipiga mkono wa kiti. "Kwa hiyo walikuwa wameshaamua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hukuwakosesha watu maji. Huna kosa."

"Unaniambia hivyo unafurahi?" Macho yalikuwa yamewaka. "Mimi nilijiambia, hii ndiyo bei yake. Nimekataa, nitalipa. Kila aliyenipita bila kunisalimia nilisema sawa, nalipa. Yule mama wa ndoo kila siku nilimwona usoni pangu, nikasema sawa. Leo unakuja na chai yangu mkononi kuniambia nilikuwa silipi kitu? Kwamba ningeimba au nisingeimba, ilikuwa ni yale yale?"

"Na mimi je?" nilisema. Sikujua kama nitasema. "Mimi nililipa kitu, au na mimi nilikuwa silipi? Nilikuwa na homa. Ulijua nina homa. Nilianguka, ukanyoosha kidole niburutwe kama kuni, wimbo ukaendelea. Mama yangu alikuja hapa mlangoni."

"Mama yako alikuja, na darasa likajengwa. Kiingereza ulichokwenda kutafsiria Ulaya ulikipata wapi? Chini ya mwembe?"

Niliinuka nikatoka bila kuaga. Nilitembea kwa hasira, naongea peke yangu, hadi karibu na lami, ndipo nikahisi kitu cha moto kwenye vidole. Nilikuwa nimeondoka na kikombe chake. Chai ilikuwa imebaki nusu.

Nilisimama pale nikifikiri kukitupa. Malori yalikuwa yanapita. Kisha nikageuka, maana sikulelewa kuiba.

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Sijui aliinukaje na miguu ile. Nilimnyooshea kikombe. Hakukipokea.

"Ingia ukae," alisema. "Sema lile ulilokuwa unasema."

"Nimeshasema."

"Umelisema kama mtu anayekimbizwa. Lianze mwanzo. Asubuhi ile ulipoamka, hadi mama yako alipofika hapa. Sitakukatiza."

Mwalimu Mkuu hajawahi kumsikiliza mtu hadi mwisho, hata mchungaji. Tukakaa. Nikaanza: niliamka na homa, mama akaniandikia ruhusa, kaka akaipeleka, wewe ukaisoma ukaikunja...

"Siku hiyo mkuu wa wilaya alikuwa amesema kwamba..." alianza.

Nikanyamaza, nikamtazama.

Akapandisha mkono wake mkubwa akaufunika mdomo wake mwenyewe, kama tunavyomfunika mtoto kanisani. Akauacha pale, macho yakiwa kwangu, hadi nilipomaliza.